GODORO NALO LIANIKWE



Hakuna mwenye mikarafuu asiyejua kuanika. Mtoto wa shamba hufundishwa mapema kwamba karafuu mbichi haiachwi rundo wala hailazwi ndani ya gunia, maana itapata joto, itaharibika, nayo itatoka mpeta. Hutandazwa juu ya jamvi, hugeuzwa, na macho huwa mbinguni. Likitokea wingu, mkubwa na mdogo hukimbilia uani. Siku nne au tano za jua jema, kilo tatu za karafuu mbichi huwa kilo moja ya kavu, nayo ukiikunja kwa vidole hukatika. Hiyo ndiyo elimu yetu, na kwa elimu hiyo twatofautisha daraja la kwanza na la tatu.

Basi twauliza: je, elimu hii ikomee uani? Maana mle chumbani kuna kitu kingine kinacholowa kila usiku, nacho watu hawakigeuzi, hawakianiki, wala hawakikagui. Kitu hicho ni godoro. Twaona yafaa tulizungumze jambo hili sasa, kabla ya msimu, kwa sababu lahusu siha ya watoto wetu, na kwa sababu lahusu vile vile wachumaji wanaokuja kulala katika mashamba yetu.

Mtu mzima alalapo hupoteza maji kwa jasho na kwa pumzi, yapata kikombe kizima kwa usiku mmoja, na usiku wa joto ni zaidi. Sehemu ya maji hayo huingia godoroni. Katika nchi kavu, mchana ukifika hewa huyachukua, na jioni godoro likawa limekauka. Kwetu visiwani si hivyo. Pemba hupata mvua inayopita milimita 1,500 kwa mwaka, na bahari imetuzunguka pande zote. Wakati wa masika, Machi hata Mei, shuka iliyofuliwa hukaa kambani siku mbili isikauke. Godoro lenye unene wa shubiri nzima litakauka lini, ilhali limefunikwa, limelazwa sakafuni, tena katika chumba chenye dirisha moja?

Unyevu ukikaa, huleta wageni watatu. Wa kwanza ni kuvu. Huanza kwa harufu, halafu hutokea madoa meusi ya kawa upande wa chini, upande ambao mwenyewe hautazami. Wa pili ni wadudu wa vumbi, wadogo mno, urefu wao ni kiasi cha sehemu ya tatu ya milimita moja. Hawaumi. Chakula chao ni magamba ya ngozi yanayotudondoka, na maji hawayanywi, bali huyapata kutoka katika hewa yenye unyevu. Hewa ikikaa kavu siku nyingi, unyevu wake ukawa chini ya asilimia 50, hunyauka wakafa. Kinyesi chao ndicho chenye madhara, maana mtu mwenye pumu akikivuta huzidiwa, na mtoto hupiga chafya na kukohoa kila alfajiri. Mara ngapi mama amesikia mtoto akikohoa, akasema ni baridi ya usiku, akamwongezea blanketi, naye mtoto amelalia chanzo cha kikohozi chake?

Mgeni wa tatu ni kunguni. Huyu, kwa kweli, hataki unyevu wala hataki uchafu. Ataka damu ya mtu na mahali pa kujificha, na hata nyumba iliyofagiwa vizuri humpata. Lakini godoro lisilogeuzwa wala kukaguliwa kwake ni ngome. Hukaa katika mishono, katika mafundo ya kitanda cha kamba, katika nyufa za matendegu na ndani ya misuko ya mkeka. Hana mbawa, wala haruki kama kiroboto. Huenda kwa kutambaa, na safari zake ndefu husafiri ndani ya gunia, mkoba au godoro la kuazima. Wataalamu hawajathibitisha kwamba humwambukiza mtu maradhi. Lakini humnyima mtu usingizi, na kunyimwa usingizi si jambo dogo kwa mtu ambaye asubuhi atapanda mkarafuu.

Dawa ya kwanza ya mambo haya hainunuliwi. Ni kuzuia godoro lisikae na maji. Kila asubuhi shuka ikunjuliwe itupwe pembeni, godoro liachwe wazi saa moja au mbili kabla ya kutandikwa, na dirisha lifunguliwe jua likisha panda. Kutandika kitanda upesi mara mtu aamkapo kwaonekana ni usafi, kumbe ni kulifungia jasho ndani. Tena godoro lisilazwe juu ya sakafu ya saruji. Sakafu hupoa, unyevu hukusanyika chini ya godoro, na upepo hauna pa kupita. Liinuliwe juu ya kitanda chenye chaga zilizoachana, angalau shubiri moja kutoka chini, tena lisigusane na ukuta. Asiye na kitanda na atengeneze kichanja cha miti. Mwenye shamba hakosi miti.

Baada ya hapo ndipo twafika kwenye kuanika, na hapa ni lazima mtu alijue godoro lake, kwa kuwa magodoro si mamoja.

Godoro la sufi ni la wazee wetu, na lina sifa yake. Uzi wa sufi una nta ya asili inayokataa maji. Ndiyo maana sufi ilitiwa ndani ya majaketi ya kuokolea mabaharia zamani, kabla ya vitu vya plastiki kuenea. Lakini sufi ikilaliwa miaka hukatikakatika na kugandamana, na madonge yake hushika jasho na vumbi. Godoro la namna hii lapenda jua, na mara moja kwa mwaka lataka kufumuliwa. Sufi itolewe itandazwe juu ya jamvi, ifunikwe kwa chandarua kuukuu isichukuliwe na upepo, ichapwe kwa fimbo nyembamba mpaka iinuke, na madonge yasiyofunguka yatupwe. Mwenye kazi hii ajifunge kitambaa puani. Foronya ya godoro ichemshwe, ianikwe hata ikauke kabisa, ndipo ijazwe na kushonwa tena. Sufi hushika moto upesi kuliko nyasi kavu. Kwa hiyo isikaushwe karibu na jiko, wala koroboi isiwekwe chini ya kitanda.

Godoro la usumba ni gumu kidogo, lakini ni stahimilivu. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa miezi, yakapigwa na kuchambuliwa, hutoa uzi usiooza upesi, na upepo hupita ndani yake. Hili lianikwe juani, ligeuzwe, lipigwe kwa fimbo litoke vumbi, na halina madai mengine.

Godoro la sponji ndilo lililoenea siku hizi, na ndilo linalotendewa vibaya kuliko yote. Makosa yanayoonekana ni mawili. La kwanza ni kuliacha na nailoni ya dukani ili lisichafuke. Nailoni haipitishi hewa. Jasho hubaki juu yake, na unyevu ulioingia ndani hauna njia ya kutokea, likavunda. Nailoni itolewe siku ile ile godoro liingiapo nyumbani, livikwe foronya ya kitambaa yenye kufulika. La pili ni kuliweka uchi katika jua kali kutwa nzima. Jua huiharibu sponji, ikawa ya manjano, kisha ikamomonyoka kama mkate mkavu. Hili lisimamishwe kivulini penye upepo, au likitolewa juani lifunikwe shuka, na ligeuzwe upande wa pili kabla ya adhuhuri.

Godoro lo lote likilowa, kwa mvua au kwa mtoto, lisitandikwe mpaka likauke hata ndani. Pahala palipochafuka pafutwe kwa kitambaa chenye sabuni na maji kidogo, halafu kwa kitambaa kisafi, halafu upepo. Kulimwagia ndoo ya maji ni kulitia maradhi. Mtoto mdogo atandikiwe mpira chini ya shuka, na mpira wenyewe uoshwe kila siku.

Wapo watakaosema: sisi twafukiza udi, chumba chetu chanukia. Udi ni kitu kizuri, na asumini juu ya mto ni kitu kizuri zaidi. Lakini udi hufunika harufu, hauondoi maji. Mnunuzi wa karafuu hadanganyiki kwa gunia lililofukizwa. Hutia mkono ndani. Basi na sisi tutie mkono ndani ya godoro.

Wapo pia wanaotegemea dawa ya kupulizia. Hapa twataka kusema kwa nguvu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, DDT ilipoenea ulimwenguni, watu wengi waliamini kunguni amekwisha. Lakini mwaka 1947, huko Pearl Harbor, Hawaii, tayari walionekana kunguni katika mabweni ya wanamaji ambao dawa ile haikuwaua. Visiwani kwetu nyumba zilipuliziwa DDT katika kampeni ya malaria iliyokoma mwaka 1968, na kunguni yupo hadi leo. Mdudu huyu hujifunza kuzihimili dawa, mtu hajifunzi. Kuna watu wanaochukua dawa ya mbogamboga shambani wakaipulizia godoro, usiku wakamlaza mtoto juu yake. Mtoto yule huvuta sumu saa nane, na ngozi yake huinywa. Wengine hupaka mafuta ya taa au petroli, juu ya godoro la sufi! Hilo si kuua kunguni, ni kutega moto. Mwenye kuhitaji dawa amwendee bwana afya, aulize ipi yafaa chumbani na kwa kipimo gani.

Kunguni anashindwa kwa joto na kwa subira. Shuka, foronya na chandarua zitiwe katika maji ya moto sana. Mifumbati, matendegu na chaga za kitanda zimwagiwe maji yanayochemka, hasa penye viungo na nyufa, kisha nyufa zizibwe. Mishono ya godoro ikaguliwe mchana kwa macho makali na brashi ngumu, na kitakachodondoka kitumbukizwe katika maji ya sabuni. Mtu asidhani kwamba kuanika peke yake kumetosha, maana jua huchoma juu, naye kunguni hutambaa akahamia upande wa kivuli. Tena mayai yake huanguliwa kiasi cha siku kumi baadaye. Kwa hiyo kazi hii hairudiwi mara moja tu. Irudiwe kila juma, kwa majuma manne au zaidi, hata isionekane dalili.

Sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu.

Kila mwaka wa mavuno, wachumaji hutoka mijini, hutoka Unguja, na wengine huvuka kutoka bara, wakaja mashambani kwetu. Hulala katika mabanda, katika maghala, katika vyumba vya uani. Wengi hulala juu ya magunia yale yale ya karafuu, au juu ya godoro kuukuu ambalo nyumba kubwa imelikataa, na ambalo msimu uliopita lilikunjwa likiwa na jasho likatupwa pembeni mwa ghala mpaka leo. Masika yote yamelipitia. Kisha kunguni wakionekana, husemwa: hawa wachumaji wametuletea kunguni.

Huenda mmoja wao aliwaleta kweli. Lakini huenda walikuwamo tayari, kwa kuwa kunguni aweza kukaa miezi kadhaa bila kula, akingoja mtu. Na hata akiwa amekuja na mkoba wa mgeni, aliyemwandalia makao ni nani? Kumlaumu mchumaji hakumwondoi kunguni. Humfanya mchumaji afiche, aone haya, asiseme mpaka wadudu wamejaa kambi nzima. Siku ya kuvunja kambi, kila mtu huenda na fungu lake, na magunia nayo huingia ndani kwa mwenyewe.

Baadhi ya wanachama husema malazi ya mchumaji si juu yao, kwamba analipwa kwa anachochuma na mkeka wake na aje nao. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mchumaji huyu twampa kazi siku ya kwanza, sembuse kumpa pahala pakavu pa kulala? Na asiyetaka kutazama wema, basi atazame faida. Mkarafuu ni mti mrefu, matawi yake ni mepesi kuvunjika, na hakuna kijiji cha karafuu kisichomjua mtu aliyeanguka. Aliyekesha akijikuna hupanda asubuhi na macho mazito. Mkono wake hukosa tawi, au huvunja tawi ambalo lingezaa mwaka ujao. Bei ya godoro moja ni ndogo mbele ya mguu uliovunjika, na mguu wa mtu haununuliwi.

Wengine husema gharama. Gharama gani? Kichanja ni miti na kamba. Foronya mbili za kitambaa cha marekani, moja ivaliwe na moja ifuliwe, fundi wa kijijini hushona kwa siku moja. Maji ya moto ni kuni. Jua ni la Mwenyezi Mungu. Kinachotakiwa ni mtu mmoja mwenye jukumu, ajulikane kwa jina lake, kama vile ajulikanavyo msimamizi wa kuanika karafuu.

Na mtu huyo asiwe mwanamke kwa sababu tu ni mwanamke. Katika nyumba nyingi godoro limeachiwa mama peke yake. Godoro la sufi lililoshiba ni zito, mtu mmoja haligeuzi, hulivuta akaumia mgongo, na ndiyo sababu haligeuzwi. Wanaume wanaobeba gunia la karafuu kutoka shamba hadi njiani hawashindwi kubeba godoro kutoka chumbani hadi uani. Wawili walishike, dakika mbili kazi imekwisha.

Kwa hivi twaleta mashauri matatu mbele ya mkutano wa wanachama. La kwanza, kila mwaka masika yakiisha na kipupwe kikiingia, yaani mwezi wa Juni, kila mwanachama atenge siku za kutoa magodoro yote ya nyumba na ya kambi, ayafumue yanayofumuliwa, ayaanike, na kuyachoma yasiyofaa tena. Msimu aghalabu huanza Julai. Anayengoja mpaka wachumaji wamefika amechelewa. La pili, anayelaza wachumaji asiwalaze sakafuni wala juu ya magunia ya karafuu. Awape kichanja, godoro au mkeka uliochemshiwa maji, na foronya za kubadilisha. Magunia ya karafuu yakae mbali na malazi. Ni jambo jema kwa mtu na ni jambo jema kwa karafuu. La tatu, kambi ikivunjwa, malazi yasikunjwe yakiwa na jasho. Yaanikwe siku mbili, yakaguliwe mishono, ndipo yahifadhiwe juu darini au juu ya kichanja, yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa, si kwa nailoni.

Twajua kwamba katika msimu kila dakika ni ya karafuu, na majamvi yote yametandazwa. Lakini siku hizo hizo ndizo tunazotoka na kuingia uani mara kumi kutazama jua. Godoro likiwekwa ukutani pembeni mwa jamvi, jicho linalolinda karafuu litalilinda na lenyewe, na wingu likitokea mikono ipo.

Haya ndiyo maoni yetu. Mwanachama mwenye maoni mengine na aje nayo mkutanoni, tuyasikilize. Lakini kabla hajaja, twamwomba jambo moja: leo jioni ainue godoro la mtoto wake, na kesho lile la kambini, atazame upande wa chini.